Maili Sitini Kusini mwa Kilindoni

Ukiwa na ramani na rula, safari ya Mafia hadi Kilwa ni jambo dogo. Uwanja wa ndege wa Kilindoni uko digrii 7 na dakika 55 kusini mwa ikweta. Wa Kilwa Masoko uko digrii 8 na dakika 55 hivi, magharibi kidogo. Tofauti ni digrii moja, na kwa kuwa maili ya baharini asili yake ni dakika moja ya latitudo, hesabu inajimaliza yenyewe: maili 60, yaani kilomita 111 na ushei. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ikienda maili 160 za baharini kwa saa, inazimaliza kwa dakika 22 na nusu. Ongeza za kupaa na za kutua, sema nusu saa.

Nilikuwa nayo hesabu hiyo nilipoanza kuulizia pale Kilindoni namna ya kufika Kilwa. Kijana wa duka la vocha alinijibu bila kuinua kichwa.

"Panda meli ya Nyamisati, ukishuka kamata gari la Dar."

"Mimi naenda Kilwa."

"Ndiyo, Kilwa. Unakwenda mpaka Mbagala, mabasi ya Kilwa yako pale Rangi Tatu."

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja chenji akaingilia kati. Si lazima mtu afike Dar, alisema. Unaweza kushukia Bungu, ukasimama kando ya barabara kuu mpaka lipite basi la Kilwa, na kama lina nafasi utapanda. Wakabishana kidogo kuhusu ipi nafuu. Hakuna kati yao aliyeona ajabu kwamba mtu anayekwenda kusini anaanza kwa kuelekea kaskazini-magharibi.

Njia hiyo naijua. Bahari ikiwa shwari, meli huchukua saa nne hivi kuvuka hadi Nyamisati, kijiji kilichojificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Kutoka hapo ni gari hadi Bungu, kisha Kibiti, Ikwiriri na Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, ambalo lilipofunguliwa mwaka 2003 liliondoa adha ya pantoni iliyokuwa ikilaza watu mtoni. Baada ya daraja barabara inashuka mpaka Somanga, halafu Nangurukuru, ambako wanaokwenda Lindi wananyoosha na wa Kilwa wanapinda kushoto kuelekea baharini. Magari yakikubali unafika siku hiyohiyo, umechoka, nguo zimebadilika rangi kwa vumbi. Yakikataa unatafuta gesti Kibiti au Ikwiriri.

Na hiyo ni pale barabara inapokuwepo. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na mvua zilizoambatana nacho zikaikata barabara ya kusini sehemu kadhaa, Somanga ikiwa mojawapo. Mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili za maji. Kwa mtu wa Mafia mwenye ndugu Kilwa, mzunguko wenyewe ukawa umekatika, wakati ile bahari iliyo baina yao, siku chache baadaye, ilikuwa imetulia kama kawaida.

Basi nikaamua kusubiri ndege. Tatizo ni kwamba ndege ya Mafia kwenda Masoko haina siku zake. Za Dar zipo kila siku, na hata zaidi ya moja msimu wa watalii wanaokuja kuogelea na potwe, yule papa mkubwa asiye na shari ambaye kati ya Oktoba na Februari hujaa mbele ya Kilindoni. Lakini kushuka kusini ni mpaka watimie abiria wa kutosha. Nilitoa jina langu, nikaachiwa ahadi ya "tutakujulisha kaka", nikawa nashinda barazani nikihesabu pikipiki za Utende. Usiku mmoja ujumbe ukaingia: kesho saa nne asubuhi, kupitia Songosongo, mizigo kilo 15, begi liwe laini.

Uwanja wa Kilindoni umo mjini kabisa. Ukitoka sokoni na mkungu wako wa ndizi unaweza kufika kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Zamani njia ya kurukia ilikuwa changarawe, na mvua ikinyesha sana marubani walikuwa wakigeuza. Lami ilikuja kwa fedha za msaada wa Marekani, mradi uliokamilika mwaka 2013. Watu wa hapa bado wanausifia uwanja huo kama vile umefunguliwa juzi.

Kabla yangu kwenye mzani alikuwepo bibi mmoja, kanga mbili, kikapu cha ukili mkononi na mfuko wa salfeti miguuni.

"Shikamoo bibi," kijana wa mizigo alimsalimu.

"Marahaba mjukuu wangu."

"Humo mna nini?"

"Zawadi."

"Zawadi gani, bibi?"

"Zawadi za harusi. Wewe pima tu."

Hakukuwa na haja ya kufungua, harufu ilishatangulia. Ilikuwa ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi na jua, na mzani ulionyesha kilo 19 peke yake, bila kikapu. Kijana akajikuna. Rubani akaja, mtu mzima wa makamo mwenye shati jeupe la mikono mifupi, akainama, akanusa, akasimama. Hakukasirika. Alisema tu kwamba ndani ya ndege ile hakuna mlango kati ya mizigo na abiria, kwa hiyo ule mfuko ufungwe kwa nailoni, mara mbili, na ukae nyuma kabisa. Kuhusu uzito nikajitolea, kwani begi langu halikufika hata kilo 8. Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mungu akupe, baba. Basi utakula harusini." Kisha sisi wenyewe tukapanda mzani mmoja mmoja, na namba zetu zikaandikwa mbele ya kadamnasi. Kwenye ndege ndogo unene si siri ya mtu.

Tukingoja, nilimtazama rubani akizunguka ndege yake. Chini ya kila bawa alichomeka kikombe cha plastiki angavu, akakinga mafuta kidogo, akakiinua kwenye mwanga. Mafuta ya taa ya ndege na maji hayachangamani; maji yakiwepo yanatua chini, utayaona kama ushanga. Kwenye kisiwa chenye joto na unyevu wa namna hii mtu haachi kutazama. Hakukuwa na ushanga. Alikimwaga pembeni, akakifuta, akahamia bawa la pili.

Ndege si mgeni Mafia, ingawa wengi hudhani ilikuja na watalii. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba, ilikwenda kujificha ndani ya mito ya delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye maji haba, na kutoka baharini mikoko ilificha kila kitu. Njia pekee ilikuwa kutazama kutoka juu. Rubani wa kwanza, H. D. Cutler, aliruka na ndege ya majini kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, jirani na Mafia, akaiona. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na kufikia katikati ya mwaka walikuwa na uwanja kisiwani. Joto liliwasumbua kuliko maadui. Ndege za mbao na turubai zilibanduka gundi na kukataa kupaa. Hata hivyo, Julai 1915, zilikuwa juu ya delta zikituma kwa simu ya upepo habari za mahali makombora yanapoangukia. Tarehe 11 ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa, ikawa inashuka bila injini kuelekea mtoni, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho njiani. Wote wawili walitolewa majini wakiwa hai, na Königsberg ikafa siku hiyo. Ilikuwa miaka 12 tu tangu ndugu wawili wa Marekani waruke kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mkazi wa Mafia aliona ndege ya vita kabla hajaona gari, nadhani, na hakuna aliyemuuliza alionaje.

Rubani aliita majina kutoka kwenye karatasi. Bibi aliwekwa kiti cha nyuma yake, mimi dirisha la kushoto, na kijana wa Songosongo mwenye kofia ya kazi akaambiwa akae mbele, kando ya rubani, asiguse kitu. Wengine walikuwa vibarua wa mkataba na mwalimu mmoja anayehamia. Propela ikaanza, kiti kikatetemeka, na bibi akashika tasbihi.

Caravan ina mabawa juu ya madirisha, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kutazama chini. Upepo ulikuwa wa kaskazi, Januari, nao unasukuma kusini. Rubani alisema baadaye kwamba ulituongezea kama maili 15 kwa saa. Upande wangu ikafunguka Ghuba ya Chole, maji ya rangi zisizo na majina, na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo vimekaa mlangoni. Hifadhi ya bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995 na ndiyo ya kwanza nchini, inaanzia hapo. Juani nilitafuta magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na Wasakalava waliokuja kwa ngalawa kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Sikuyaona, msitu umeyafunika. Lakini nikawaza umbali waliopiga kasia watu wale, na sisi tunaona taabu kutoka Kilindoni kwenda Masoko.

Upande wa kulia abiria wenzangu walikuwa na Rufiji: maji ya kahawia yakiingia baharini na kujichora mpaka, kahawia huku, kijani kule. Baada ya hapo ni bahari tupu na vijisiwa. Okuza. Nyuni. Vipande vya mchanga vyenye makambi ya dago, ambako wavuvi huhamia na masufuria yao msimu mzima. Niliona mashua tatu zimetweka, zote zikielekea kusini kama sisi, na kwa dakika moja hivi kivuli chetu kiliipita ya kwanza, kikaipita ya pili.

Ni juu ya mashua hizo ndipo niliposhika kilichokuwa kikinisumbua tangu duka la vocha. Mafia na Kilwa hazikuwahi kuwa mbali. Mapokeo ya Kilwa yanasimulia kwamba sultani wake wa kwanza alimpeleka mwanawe kutawala Mafia, na sarafu za shaba zenye jina la mtawala Ali bin al-Hasan zimechimbuliwa Kisimani Mafia kama zilivyochimbuliwa Kilwa Kisiwani. Ilikuwa dola moja yenye barabara ya maji katikati. Leo Mafia iko Mkoa wa Pwani na shida zake zinapelekwa Kibaha. Kilwa iko Mkoa wa Lindi na faili zake ziko Lindi mjini. Barabara ya lami ilipojengwa ilielekezwa Dar, meli ikafuata barabara, biashara ikafuata meli. Bahari iliyowaunganisha watu kwa karne nyingi imegeuka kuwa ukuta, na hakuna aliyeujenga kwa makusudi. Mimi sioni kwamba ni maendeleo, hata kama safari za Dar zimekuwa nyepesi.

Dakika 17 baada ya kuacha lami ya Kilindoni tulikuwa tunashuka Songosongo. Kisiwa kidogo, minazi, kijiji, na katikati yake mabomba ya fedha yanayong'aa juani. Gesi iligunduliwa hapa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka 30, na ikaanza kutumika mwaka 2004. Inapita chini ya bahari kilomita 25 hadi Somanga, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Dar es Salaam, inakoendesha mitambo ya umeme na viwanda. Nayo pia imeelekea Dar. Kijana wa kofia alishuka, mwalimu akashuka na godoro lake lililokunjwa kwa kamba, akapokelewa na watoto ambao dhahiri walikwisha kuambiwa mwalimu anakuja, kwani waligombania kubeba. Injini haikuzimwa.

Kutoka hapo hadi Masoko ni maili 23, dakika 12 tu, na rubani hakujisumbua kupanda juu sana. Tulipita Fanjove na mnara wake wa taa, kisha pwani ya bara ikaja, mikoko, chumvi iliyotandazwa kwenye mashamba yake, na mwisho ule mkono wa nchi kavu ambapo Masoko imejengwa, na mbele yake Kilwa Kisiwani. Ukiona kutoka juu unaelewa mara moja kwa nini mji ulikaa pale. Bandari iko ndani, imefichwa na kisiwa, maji yana kina, na meli ingeweza kungoja upepo ugeuke bila hofu. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Msikiti Mkuu ulionekana kama paa la makuba yaliyokaa karibukaribu, na Husuni Kubwa ukingoni mwa jabali.

Matairi yaligusa. Nikatazama saa: pamoja na kusimama Songosongo, haikufika dakika 40.

Bibi alikuwa wa kwanza kutoa simu. Nilimsikia akigombana nayo. "Nimeshafika! ... Hapa uwanjani! ... Ndiyo, Kilwa, Kilwa ipi nyingine?" Upande wa pili hawakuamini; aliwapigia asubuhi kwamba ndiyo anatoka nyumbani, nao walijua wana siku nzima mbele yao. Hakuna aliyekuwa ameondoka kuja kumpokea. Tuliketi chini ya mkorosho, salfeti la ng'onda katikati yetu, tukingoja bodaboda muda mrefu zaidi ya tuliokaa angani. Tiketi, aliniambia, alikatiwa na mjukuu anayefanya kazi kwenye gesi, ya kuja tu. "Kurudi nitazunguka kama watu."

Kesho yake nilivuka kwenda Kisiwani. Magofu yameandikwa vya kutosha na sitayarudia. Nitasema moja tu, kwa sababu linahusu umbali. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, akiwa amepangwa katika kituo cha rada kwenye kisiwa cha Marchinbar kaskazini mwa nchi yake, aliokota sarafu ufukweni. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Kutoka pwani hii hadi pale ni zaidi ya kilomita 10,000, na namna zilivyofika bado ni mabishano ya wataalamu. Nahodha aliyenivusha nilimsimulia, akasikiliza kwa adabu, lakini Australia haikumgusa. Kilichomgusa ni Mafia.

"Mama yangu mtu wa Jibondo," alisema, akilegeza demani. "Zamani kwa kusi nzuri ukitoka hapa alfajiri, magharibi unaswali kule. Baba alikuwa anakwenda kuoa, kuzika, kununua mbuzi, anakwenda."

"Na wewe, mzee wangu?"

"Mimi nilikwenda kwenye msiba wa mjomba. Nikapita Dar. Nilipofika walishazika, walishafanya khitma."

Sikuwa na la kumwambia. Nikamuuliza bei ya pweza.

Harusi ya mjukuu wa bibi nilikula, ng'onda ilipikwa kwa nazi, nami nilipewa sahani ya pili kwa sababu ya zile kilo nilizobeba. Baada ya hapo nikampigia mtu wa kampuni kuhusu ndege ya kurudi. Alikuwa mpole sana. Mpaka sasa tuko wawili tu, kaka, tukifika watano nitakupigia. Nilingoja, nikapiga tena, bado tulikuwa wawili, na yule mwenzangu akaghairi.

Nikapanda basi la alfajiri. Nangurukuru tulikula chapati na chai ya tangawizi, Somanga tukauziwa samaki wa kukaanga madirishani, Ikwiriri konda akaongeza abiria juu ya abiria. Bungu walishuka watu wa Nyamisati, mama mmoja na kabati la vyombo lililofungwa mashuka, akimuuliza konda kama meli itamngoja. "Meli haimngoji mtu, mama," konda alisema, akapiga bodi la gari, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshaingia Mbagala, foleni haisogei, simu ikalia. Kijana wa kampuni.

"Kaka, habari njema. Ndege ya kesho ipo."